Kiamhari hatujui, na rafiki yangu anataka awe mdomo na pochi yetu: tutaweza Addis Ababa?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Nzuguni hapa Dodoma na nina duka dogo la vifaa vya shule. Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari ni mhasibu mjini. Mwaka huu tumeamua kutoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza: siku kumi Addis Ababa, kila mtu na begi lake la mgongoni, tulale vyumba vya bei nafuu, tule wanapokula wenyeji na tupande daladala za huko. Tunataka kuondoka tarehe 24 Septemba.

Tatizo ni kwamba Kiamhari hatujui hata neno moja, na herufi zao hatuwezi kuzisoma. Mwenzangu Kiingereza anakimudu. Mimi nakielewa nikikisikia, kukiongea ndiyo kazi. Anasema nisijipe presha, yeye atakuwa anaongea kwa niaba yetu na kitakachobaki simu itatafsiri. Anataka pia fedha zote zikae kwake ili hesabu zisituchanganye. Nikimwambia naogopa, anacheka.

Hofu yangu ina sababu. Huyu rafiki akiona kitu kimemvutia huwa anaondoka, hasemi. Mwaka jana Kariakoo nilimtafuta zaidi ya saa nzima, simu yangu imezima, na pale nilikuwa naweza kumuuliza yeyote kwa Kiswahili. Addis nitamuuliza nani? Halafu ana vidonda vya tumbo, pilipili hapatani nayo, na nasikia chakula cha kule ni pilipili nyekundu mwanzo mwisho.

Safari naitaka na urafiki naupenda. Tujipange vipi?

Mwenye wasiwasi, Nzuguni

*

Marahaba mwanangu.

Addis Ababa inatembeleka bila Kiamhari, tena na watu wenye mifuko midogo. Sharti ni moja: saa yoyote, popote mlipo, kila mmoja wenu aweze kurudi chumbani peke yake. Mpango wa rafiki yako unalivunja sharti hilo mara tatu, maana mdomo ni wake, pochi ni yake, na ramani imo ndani ya simu yake. Siku mkipotezana yeye atakuwa na kila kitu, wewe utakuwa na begi tu. Na akiumwa yeye, ninyi wawili mtakuwa bubu.

Kwa hiyo anzeni na kazi, mzigawe kwa zamu. Leo mmoja ndiye msemaji: anauliza bei, anaongea na konda, anaagiza chakula. Mwenzake anashika ramani na anahesabu chenji. Kesho mnabadilishana, hata kama msemaji wa kesho Kiingereza chake kinakwama. Kitakwama, na haitakuwa neno, kwa sababu konda wa Addis na mama wa mgahawa wa mtaani nao mara nyingi Kiingereza chao ni cha kuunga unga. Hapo anayeonyesha kwa vidole na kutabasamu huelewana na watu haraka kuliko anayetunga sentensi ndefu. Kiingereza cha rafiki yako kitawafaa mapokezi, benki, uwanja wa ndege na kwa vijana wa chuo. Kwenye daladala hakitampeleka mbali.

Sasa kadi. Kateni manila mbili zenye ukubwa wa kitambulisho cha NIDA, kila mtu yake. Mkishafika na kupewa chumba, kabla hata ya kuoga, mwombeni wa mapokezi awaandikie upande mmoja kwa Kiamhari: jina la nyumba ya wageni, jina la eneo, jengo maarufu lililo jirani, na namba ya simu ya mapokezi. Upande wa pili andikeni wenyewe yaleyale kwa herufi zetu, ili nanyi muweze kuyatamka. Ipigeni picha, lakini kadi yenyewe ikae mfukoni, kwa sababu karatasi haiishiwi chaji.

Msiridhike na alama ya kwenye ramani ya simu. Watu wa Addis hawaelekezani kwa majina ya barabara. Huelekezana kwa maeneo na vitu vinavyoonekana: Bole, Mexico, Megenagna, Arat Kilo, Piassa, mbele ya hospitali fulani, nyuma ya benki fulani. Ukimwonyesha dereva jina la barabara kwa Kiingereza, anaweza kukutazama tu. Ukimtajia eneo na jengo, mmeshaanza kuelewana.

Kuna jambo linalowaponza wengi kwenye kuchagua chumba. Mwaka 2024 sehemu kubwa za Piassa, na baadaye Kazanchis, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara na ujenzi mpya. Maelezo ya zamani ya wasafiri bado yanasifia nyumba za wageni za mitaa hiyo, na nyingine hazipo tena. Kabla ya kulipa hata senti, pigeni simu, muulize nyumba iko jirani na jengo gani, na kama barabara ya kufikia mlangoni inapitika. Kwa mara ya kwanza tafuteni upande wa Bole au Haya Hulet. Hamtakuwa mbali na uwanja wa ndege, na usafiri ni mwingi. Kwenye vibao vya nyumba nafuu tafuteni neno "Pension", ndiyo gesti zenyewe hizo.

Kuhusu maneno, acheni kukariri salamu ndefu. Anzeni na namba, kwa sababu kila siku mtakachokihitaji kuliko vyote ni bei: and, hulet, sost, arat, amist, sidist, sebat, simint, zetegn, asir. Hiyo ni moja hadi kumi. Ishirini ni haya, hamsini ni hamsa, mia ni meto. Ongezeni "sint new", yaani bei gani, na "yet new", iko wapi. "Ishi" ni sawa, "yelem" ni hakuna, "ameseginalehu" ni asante, "yikirta" ni samahani, na "shint bet" ni choo. Zikitamkwa wiki mbili kila jioni mkifunga duka, zinakaa kichwani. Bei za madukani huandikwa kwa tarakimu hizi hizi tunazotumia sisi, kwa hiyo hata masikio yakishindwa, mpe muuzaji kikokotoo cha simu aandike.

Simu itawasaidia, ila ipimeni mkiwa bado Dodoma. Pakueni programu ya kutafsiri, kisha zimeni data na Wi-Fi, mjaribu sentensi tano za Kiamhari. Isipofanya kazi hapo, haitafanya kazi ndani ya daladala intaneti ikikatika. Fanyeni hivyohivyo kwa ramani: pakueni eneo zima la Addis Ababa, zimeni data, tafuteni Meskel Square mwone kama inatokea. Mkiandika cha kutafsiri, andikeni sentensi fupi yenye jambo moja. "Tunashuka Mexico" itatafsirika vizuri. "Samahani kaka, tulikuwa tunaomba kama inawezekana utushushe pale karibu na Mexico" itatoka vurugu. Na kila mkitafsiri kwenda Kiamhari, igeuzeni irudi Kiswahili au Kiingereza. Ikirudi na maana nyingine, andikeni upya.

Laini ya huko nunueni uwanjani Bole mkishatoka, ya Ethio telecom au Safaricom Ethiopia. Husajiliwa kwa pasipoti. Kila mtu anunue yake, hili halina mjadala. Kwa kuwa hizo ni kampuni mbili, mmoja achukue hii na mwenzake ile, ili mtandao mmoja ukiyumba mwingine uwepo. Laini ya Tanzania ibaki kwenye nafasi ya pili na huduma ya kutumia nje ya nchi iwe imewashwa kabla hamjaondoka, vinginevyo ujumbe wa benki wenye namba ya kuthibitisha muamala hautafika. Salio la M-Pesa ya huku msilitegemee kulipia kitu kule.

Usafiri. Daladala zao ni mabasi madogo ya rangi ya bluu na nyeupe, na mengi hayana kibao cha njia kama zetu. Anayejulisha njia ni mpiga debe au konda, kwa sauti: "Bole Bole Bole", "Piassa Piassa", "Mexico". Kwa hiyo mnasafiri kwa kusikiliza. Simameni pembeni kidogo dakika chache kwanza, mtegee majina yanavyotamkwa, kwa sababu kwa kasi ile jina mnalolijua kwenye ramani halitambuliki mara moja. Likisikika lenu, msemaji wa siku alitaje mara moja kwa sauti, kwa namna ya kuuliza, na asubiri konda aitikie kwa kichwa. Akitikisa kichwa kukataa na kuonyesha upande mwingine, nendeni huko, hafukuzi mtu, anaelekeza. Ziko pia njia ambazo lazima mbadilishe gari katikati, hasa Megenagna, Mexico na Arat Kilo. Msidhani mmetapeliwa mkishushwa hapo.

Nauli mwangalie abiria wa jirani anatoa ngapi, mtoe hivyohivyo. Noti za birr 10 ziwe nyingi mkononi, maana kumpa konda noti ya 200 kwa nauli ndogo ndiyo mwanzo wa maneno ambayo hamtayaelewa. Kushuka, sema "woraj ale" kabla ya kituo, konda atamgongea dereva. Na mketi pamoja au mmoja mbele ya mwenzake. Gari likijaa mkatenganishwa, mwenye ramani ndiye anayeamua kituo, na akisema tushuke wote mnashuka, mabishano yafanyike chini. Jioni watu wakitoka kazini, kwenye vituo vikubwa utaona foleni ndefu imenyooka. Ungeni nyuma. Kule foleni ya gari inaheshimiwa kuliko tulivyozoea stendi ya Sabasaba.

Ipo pia treni ya mjini iliyoanza mwaka 2015, njia mbili, moja ya mashariki na magharibi na nyingine ya kaskazini na kusini, zinakutana katikati ya mji. Kwa mgeni ni rahisi kwa sababu vituo havihami, ila hujaa mno na mabehewa ni machache. Simu na pochi viwe mbele ya mwili. Usiku ukiingia acheni hayo yote, iteni teksi kwa programu kama RIDE au Feres, ambako bei na njia vinaonekana bila kuongea.

Kuna kitu kimoja Watanzania wanakwenda nacho tayari ambacho huwatoa jasho wageni wa Ulaya, nacho ni saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza, saa moja inafuata muda mfupi baadaye. "Hulet seat" ya asubuhi ni saa mbili asubuhi yenu ileile, na majira ya nchi zetu ni mamoja, hamtasogeza mshale. Hatari inaanzia mkihamia Kiingereza. Mhudumu akiwaambia basi linaondoka "two o'clock", anaweza kuwa anatafsiri saa mbili ya asubuhi moja kwa moja, au anataja saa nane mchana kwa hesabu ya kizungu kwa sababu amewaona wageni. Msikisie. Fungueni saa ya simu, mwonyesheni 08:00, aseme ndiyo au hapana. Tiketi ya ndege daima ni hesabu ya kimataifa.

Kalenda yao nayo ina miezi kumi na tatu, na mwaka mpya wao huanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu, ule wenye tarehe 29 Februari. Mkifika mwishoni mwa Septemba watakuwa nyuma yetu kwa miaka saba. Ukiona risiti au tarehe ya mwisho ya kutumia bidhaa inaonyesha mwaka wa zamani, tazama kwanza ni kalenda ipi kabla ya kugombana na mwenye duka.

Tukija kwenye tumbo la mwenzako. Umesikia kweli: mchuzi mwekundu unaoitwa wat hupikwa kwa berbere, mchanganyiko wa pilipili kavu na viungo, na huo hautamfaa. Lakini kila mgahawa una upande wa pili wa sufuria ambao wageni hawauulizi. Alicha ni mchuzi wa manjano usiotiwa berbere. Akiagiza "kik alicha" ataletewa njegere kavu za manjano zilizopondeka, na "atkilt" ni kabichi, karoti na viazi. Sentensi ya kumwandikia kwenye kadi yake ni "berbere yelelebet", isiyo na berbere, na chini yake "karya yelelebet", isiyo na pilipili mbichi. Hiyo ya pili wengi huisahau, kisha mayai ya kuvuruga ya asubuhi, "inkulal firfir", yanakuja na vipande vya kijani vya pilipili. Mwombeni yule wa mapokezi aziandike zote mbili kwa Kiamhari, mpishi asome mwenyewe.

Injera, mkate wao mpana na mwembamba unaoliwa na mchuzi, pia aijaribu kwa tahadhari. Unga wake huchachushwa siku kadhaa, una uchachu, na tumbo lenye vidonda linaweza kulalamika hata kama mchuzi ni mpole. Aanze na kipande kidogo mchana, asile usiku akalale nayo. Injera ikimkataa, hatalala njaa: mikate ipo kila kona, na tambi ni chakula cha kawaida mjini tangu Waitalia walipoikalia nchi mwaka 1936 hadi 1941, ila aulize mchuzi wake kwanza kwa kadi ileile. Dawa zake abebe za siku kumi na nne, ndani ya pakiti zenye jina, kwenye begi la mkononi. Kahawa ya kule ni kali na hutolewa vikombe vitatu mfululizo. Kukataa cha pili kwa kuweka mkono kifuani hakumkeri mtu, na kwa vidonda vyake ni bora akatae hata cha kwanza.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai, na migahawa mingi hupika mboga tupu. Kwenu ninyi ni siku nzuri: agizeni "beyaynetu", sinia ya mboga na mikunde ya aina nyingi, mnakula wawili. Kila fungu linakaa peke yake juu ya injera, kwa hiyo mwenye vidonda anakula ya manjano na ya kijani, wewe unamalizia nyekundu. Mnakula kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikutilia tonge mdomoni, ni heshima, lipokee.

Sasa tabia ya kuondoka bila kusema. Kumkanya hakutasaidia, mtu mzima habadiliki kwa kukanywa. Wekeni utaratibu unaofanya kazi hata akiondoka. Mkipotezana, aliyebaki anakaa palepale mlipoonana mara ya mwisho kwa dakika 20, hatafuti. Wawili wakitafutana wanapishana, huenda ndicho kilichowakuta Kariakoo. Dakika 20 zikiisha, wote mnaelekea mahali mlipokubaliana kabla ya kuingia eneo hilo, mnasubiriana dakika 30, kisha kila mtu anarudi chumbani kwa kadi yake na kuacha ujumbe mapokezi. Mahali pa kukutania pawe jengo ambalo kila mpita njia analijua. Kwa Merkato, soko ambalo mtu anaweza kuzunguka siku nzima asione mwisho, tumieni lango la msikiti mkubwa wa Anwar. Litajeni jina hilo tu na mtaonyeshwa njia kwa kidole. Begi kubwa lisiende Merkato kabisa. Beba fedha za siku hiyo, nakala ya pasipoti na maji.

Mwambie pia jambo hili kwa utulivu, siku ambayo hamjagombana: kwamba humzuii kwenda kuangalia vitu, unataka tu aguse bega lako kabla ya kwenda. Ni sekunde moja. Na mpangie saa tatu za kutembea peke yake, kila baada ya siku mbili, nawe uwe na zako. Watu wawili wasiojua lugha ya mji huongea wao kwa wao kuanzia asubuhi hadi kulala, na siku ya nne kila neno la mwenzako linakukera.

Fedha. Pochi moja kataa, na sababu mpe ya kihasibu, ataielewa: fedha zote zikikaa sehemu moja, hasara moja inamaliza safari. Gawanyeni mafungu matatu. La kwanza ni la pamoja, mnachangia sawa kila asubuhi, la nauli, chakula na viingilio, na anayelishika ni mwenye ramani wa siku hiyo, si msemaji. Hapo taaluma yake itumike: aandike matumizi kila jioni, mlinganishe kabla ya kulala. La pili ni la kila mtu binafsi. La tatu ni dola 100 za dharura kwa kila mmoja, noti safi zisizochanika, zimeshonewa ndani ya nguo au chini ya begi, haziguswi kwa zawadi wala nguo.

Dola nunueni benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni kabla hamjaondoka Dodoma. Birr badilisheni benki mkifika, risiti mzitunze kwa ajili ya kubadilisha zilizobaki. Mtu wa barabarani anayewanong'oneza bei nzuri zaidi msimjibu, kubadilisha naye ni kosa kisheria na kuhesabu noti geni gizani ndiko kunakoibiwa watu. Kadi za Visa hufanya kazi kwenye mashine za benki kubwa kama Dashen na Commercial Bank of Ethiopia, lakini iambieni benki yenu mapema kwamba mnasafiri.

Mtego mmoja mjue sura yake. Kijana msafi, Kiingereza kizuri kuliko cha rafiki yako, anawasalimu karibu na hoteli kubwa au makumbusho, anasema yeye ni mwanafunzi na leo kuna sherehe ya kitamaduni, twendeni tukanywe kahawa. Mnaingia nyumba yenye wasichana na muziki, vinywaji vinakuja bila kuagizwa, bili inakuja ya kutisha. Huwanasa hasa waliochoka kutoeleweka mchana kutwa, wakafurahi kumpata mtu wa kuongea naye. Dawa yake ni nyepesi: mgahawa wa kwenda huuchagui kwa mtu aliyekujia barabarani. Mkiwa na hamu ya mazungumzo, wapo watu wema wengi kwenye vibanda vya kahawa vya mtaani, ambao hawakuwafuata ninyi, mliwafuata wao. Na mtu akiwamwagia kitu nguoni kisha akakimbilia kuwapangusa, shikeni mifuko, ondokeni.

Tarehe zenu zimeangukia pazuri na pagumu. Jioni ya tarehe 26 Septemba ni Demera, mkesha wa sikukuu ya Meskel, ambapo moto mkubwa huwashwa katika Meskel Square mbele ya umati mkubwa. (Nayo husogea siku moja katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu.) Barabara za katikati hufungwa, daladala hubadili njia na kila mtu hupekuliwa. Mkitaka kuiona, nendeni mchana kwa miguu, bila begi, na mkubaliane kwamba siku hiyo hakuna kuachana hata hatua tano. Msipotaka, nunueni chakula mapema mkae karibu na chumba. Tarehe 27 maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mahitaji ya siku mbili yanunuliwe tarehe 25.

Vivutio vingine havina shida ya lugha. Makumbusho ya Taifa yana maelezo kwa Kiingereza, na huko ndiko kwa Lucy, mifupa ya kale iliyogunduliwa mwaka 1974. Milima ya Entoto iko juu ya mji, pandeni siku ya tano au sita, si ya kwanza. Sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024 imo ndani ya uzio wa makao makuu ya Umoja wa Afrika, hamtaingia kwa kupita tu getini. Ikulu, askari na majengo ya serikali msipige picha. Lalibela na safari za nje ya mji upande wa Amhara ziacheni kwa sasa, kuna mapigano tangu 2023.

Mji uko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, Dodoma ni kama 1,100, kwa hiyo siku mbili za kwanza ngazi zitawachosha. Tembeeni polepole, mnywe maji. Usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi na mvua za mwishoni bado zipo, basi sweta na koti la mvua viingie kwenye begi kabla ya viatu vya ziada. Begi la lita 40 linatosha. Chaja zenu za pini tatu bapa hazitaingia ukutani, kule hutumia pini mbili za mviringo, nunueni adapta mbili.

Viza ya kielektroniki ombeni wenyewe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Ethiopia, evisa.gov.et, maana zipo za kuigiza zinazotoza zaidi kwa kazi ileile. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Ndege mnaweza kupandia Dar au KIA. Linganisheni gharama nzima na si tiketi pekee: kwa SGR hadi Dar, kisha gari hadi uwanjani, au kwa basi kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha. Ukichagua Dar, angalia kama treni yako inasimama Pugu, ambako ni karibu na uwanja kuliko kufika kituo cha mwisho na kurudi na foleni.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, cheti chake huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano na kikishatoka ni cha maisha. Kiwekeni pamoja na pasipoti kwenda na kurudi, kwa sababu mnaporudi mnakuwa mnatoka nchi yenye ugonjwa huo na afisa wa afya wa huku anaweza kukidai. Siku ya kuondoka fikeni Bole muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Ukaguzi unaanzia mlango wa nje, mstari ni mrefu, na birr zilizobaki zibadilisheni kabla ya kupita uhamiaji.